Mbinja usiku, kuitana majina: niwaelezeje wageni?

Swali
Salaam jamani. Naandika karatasi ya maelezo kwa wageni watakaolala kwenye kijiji cha wavuvi huku pwani ya Kenya. Wazee wameshikilia: magharibi ikishaingia hakuna mbinja, hakuna kuitana kwa majina toka mbali. Na mwiko wa kufagia usiku je, niuweke? Wageni watataka sababu.

Jibu 1
Andika kama inavyosemwa: mbinja usiku huita nyoka na majini. (Hata nyoka mwenyewe hatajwi usiku, husemwa "kamba".) Kwa kweli nyoka hana sikio la nje na husikia zaidi mivumo mizito, kwa hiyo hapo mwiko haushiki sana. Ila usiku ardhi hupoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti huinama kurudi chini badala ya kupotelea angani. Mbinja ya saa nne inafika mtaa wa pili, na gizani nani ajue ni mtoto anacheza au wezi wanapeana ishara?

Jibu 2
Kwenye kuitana ndiko wageni huharibu. Mtu huenda mpaka mlangoni, husimama kando asichungulie ndani, "Hodi!", hungoja, mara ya pili, ya tatu. Kimya? Arudi zake. Ukiita jina toka njiani, wa ndani hakuitikii, maana wito wa kwanza huenda si wa binadamu. Mgeni hudhani amedharauliwa, akapaza zaidi, na mtaa mzima ukatoka na mienge, kwa sababu yowe la usiku lina kazi yake: moto, mwizi, msiba. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa hiyo waandikie na hili: likitokea la hatari, wapige yowe mfululizo, wasinong'one eti mwiko.

Jibu 3
Usisahau Ramadhani. Ngoma za daku hupita usiku wa manane na hazivunji mwiko wowote, basi waambiwe mapema. Wenye spika uwaonyeshe sheria: kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana nje ya nyumba za makazi, usiku 35, karibu na mnong'ono. Usiku wa serikali huanza saa mbili. Wa wazee umeanza zamani.

Mwiko wa kufagia si wa kelele, ni wa riziki. Usiuweke.