Red Sox: Ruth, Lyle, Bagwell au Mookie, ni yupi tuliyemwachia vibaya zaidi?

Mkazi wa Lynn
Wakuu, salaam. Jana nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa, nikaona nilete hapa kwa wanaoijua besiboli ya Boston. Kati ya wachezaji wote ambao Red Sox iliwatoa, biashara ipi ni mbaya kuliko zote? Naweka wanne mezani: Babe Ruth kwenda Yankees ya New York, mahasimu wetu, Januari 1920. Sparky Lyle kwa Yankees hao hao, 1972. Jeff Bagwell kwenda Houston, 1990. Mookie Betts kwenda Dodgers ya Los Angeles, 2020. Mimi nasimama na Bagwell, ila semeni kwanza ninyi.

Babu Fenway
Kijana, ni Ruth. Mwaka 1919 alipiga homurani 29, yaani mipira inayomrudisha mpigaji hadi nyumbani kwa pigo moja, na kabla yake hakuna aliyekuwa amefikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja. Msimu uliofuata, akiwa New York, akapiga 54. Mmiliki wetu Harry Frazee alipata dola 100,000, na juu yake mkopo wa dola 300,000 ambao dhamana yake ni Fenway, uwanja wetu wenyewe. Yaani umempa jirani ng'ombe wa maziwa, ukamwachia na hati ya nyumba. Kabla ya siku hiyo sisi tulikuwa na ubingwa mara tano, Yankees hawakuwa nao hata mara moja. Baada ya hapo tukakaa bila ubingwa mpaka 2004. Mimi miaka hiyo niliiona mingi kwa macho yangu.

Rehema wa Worcester
Shikamoo babu. Ruth naye aliuzwa kwa fedha, hatukupewa mchezaji. Kama tunalinganisha kubadilishana mtu kwa mtu, naomba tumtazame Lyle, maana watu humpita haraka.

Tulimtoa Machi 1972, tukamchukua Danny Cater ili apige. Cater msimu ule akapiga kwa wastani wa .237, hafifu kwa mpigaji. Lyle, mrushaji wa kumalizia mechi, akawaokolea Yankees mechi 35. Sasa angalieni msimamo wa mwaka ule. Wachezaji waligoma mwanzoni mwa msimu na mechi zilizopotea hazikurudiwa, kwa hiyo timu hazikucheza idadi sawa. Detroit walimaliza na ushindi 86 na vipigo 70. Sisi ushindi 85, vipigo 70. Tulikosa ubingwa wa kundi letu ndani ya ligi kwa nusu mechi! Katika vipigo hivyo 70, kweli hakuna hata kimoja ambacho Lyle angekizuia? Ninamtaja kwa sababu hasara yake haihitaji kusubiri miaka, ilionekana Oktoba ile ile. Na 1977 akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya Ligi ya Amerika, akiwa na Yankees.

Babu Fenway
Marahaba mwanangu. Hiyo nusu mechi naikumbuka. Iliniuma.

Mkazi wa Lynn
Dada Rehema umenitikisa, lakini nisikilizeni. Bagwell alizaliwa Boston hapa hapa na kukulia Connecticut. Mwaka 1990 alikuwa timu ya ligi ndogo ya New Britain, anapiga .333. Nafasi yake, kituo cha tatu, kwetu ilikuwa na Wade Boggs, wakubwa wakaona kijana hana pa kusimama. Mwisho wa Agosti wakampeleka Houston ili wampate Larry Andersen, mrushaji wa miaka 37. Andersen akarusha duru 22 tu, tukatolewa na Oakland mechi nne kwa sifuri, akaondoka. Houston walimhamishia Bagwell kituo cha kwanza, basi. Mchezaji bora chipukizi 1991, mchezaji bora wa ligi 1994, homurani 449, misimu 15 yote jezi moja, na 2017 akaingia Cooperstown, jumba la magwiji wa besiboli. Mtoto wa nyumbani, na nyumbani hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Babu Fenway
Andersen alirusha vizuri, tusimwonee. Tulichukua kundi kwa tofauti ya mechi mbili tu mbele ya Toronto. Mvua inanyesha, umenunua mwavuli.

Mkazi wa Lynn
Babu, mwavuli haununuliwi kwa shamba.

Mama Nuru, Portland
Ndugu zangu, hao wote wana udhuru. Bagwell alikuwa bado mbichi, Lyle alikuwa mrushaji wa akiba. Mookie alijulikana. Hapa Portland tulimwona kwenye uwanja wa Hadlock mwaka 2014 akiwa na Sea Dogs, timu ya ligi ndogo ya Red Sox, mwembamba, anakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Wanangu walianza kuupenda mchezo huu kwa ajili yake, mimi nami nikaufuata nyuma yao. Mwaka 2018 alipiga .346, akawa mchezaji bora wa ligi, tukashinda mechi 108 na ubingwa juu. Februari 2020 akaondoka, na tukamlipia mrushaji wetu David Price nusu ya mshahara ili aende naye! Sababu ilikuwa kupunguza mishahara ishuke chini ya kiwango kinachotozwa kodi ya ligi.

Tulipewa watatu. Jeter Downs alicheza mechi 14, akaachwa. Alex Verdugo aliishia kupelekwa kwa Yankees. Connor Wong, mdakaji, ndiye aliyedumu. Dodgers wakampa Mookie miaka 12 kwa dola milioni 365, wakachukua ubingwa 2020, 2024 na 2025. Frazee angalau unaweza kusema alihitaji fedha. Hawa walihitaji nini?

Rehema wa Worcester
Mama, mkataba wake ulikuwa umebaki msimu mmoja. Angeweza kuondoka bure.

Mama Nuru, Portland
Angeweza, ndiyo. Ila Dodgers walikuwa na muda huo huo, na Julai wakawa wameshamsainisha.

Kijana wa Lowell
Naomba niongeze jambo ambalo si biashara, wakuu mnisamehe. Tarehe 16 Aprili 1945 wachezaji watatu weusi walifanyiwa majaribio Fenway: Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Hakuna aliyeitwa tena, hata Robinson, aliyekuja kuvunja ubaguzi wa rangi wa ligi kuu akiwa na timu nyingine. Jethroe alikuja kuwa mchezaji bora chipukizi wa 1950 akiwa na Braves, walipokuwa bado Boston hii hii. Red Sox ndiyo iliyokuwa ya mwisho kati ya timu zote 16 kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959. Hapo hatukupokea hata mrushaji wa miaka 37. Mama Nuru akisema Mookie, mimi nakumbuka hilo.

Mkazi wa Lynn
Haipo kwenye orodha yangu, lakini siwezi kuiondoa. Babu, unasemaje?

Babu Fenway
Ruth nabaki naye. Ila mjukuu wangu, nimeondoka kwenye kiti nikaenda kutazama misimamo ya zamani. Mwaka 1948 tulimaliza sawa na Cleveland, tukafungwa mechi ya kuamua, na Cleveland walikuwa na wachezaji weusi wawili, Larry Doby na Satchel Paige. Mwaka 1949 tulikwenda New York siku mbili za mwisho tukiwa mbele kwa mechi moja, tukapoteza zote mbili. Mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka huo alikuwa Robinson.