Re: Grand-Saint-Bernard kwa ski mwezi wa 3, majibu ya maswali yenu

Wadau habari za jioni. Toka kaka wa Lausanne atupie lile wazo la kupanda kwa ski mpaka Hospice ya Grand-Saint-Bernard (nyumba ya mapadre inayopokea wasafiri, juu kwenye pasi, yaani njia ya kuvuka milima kati ya Uswisi na Italia) na kulala juu usiku mmoja naona maswali yamekuwa mengi, na wengine mnaniandikia pembeni mambo yale yale, kwa hiyo najibu yote hapa ili kila mtu asome.

> Barabara si inapita mpaka juu, kwa nini tusiende na gari?

Wakati wa baridi haipiti dada. Barabara ya juu inafungwa kuanzia kama mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 5 au wa 6 huko, magari yote yanapita chini kwenye handaki la kwenda Italia, lile lililofunguliwa 1964. Gari tutaliacha Bourg-Saint-Bernard, pale handaki linapoanzia upande wa Uswisi, kwenye eneo la zamani la ski la Super-Saint-Bernard ambako lifti zilishaacha kufanya kazi zamani. Kuanzia pale ni miguu yako tu, ski zikiwa zimebandikwa ngozi chini zisirudi nyuma, kisigino kinanyanyuka, unapanda taratibu. Asiye na gari anaweza kupanda treni Martigny mpaka Orsières halafu basi, ila ratiba ya basi la kufika Bourg-Saint-Bernard iangalieni mapema maana msimu wa baridi hubadilika.

> Ni mbali kiasi gani, mimi ski za kupanda nimefanya mara chache

Kama kilomita 6, na kupanda mita 550 hivi, toka mita 1,920 mpaka karibu 2,470. Hesabu wanayofundisha huku ni hii, unachukua kilomita, unajumlisha mamia ya mita za kupanda, unagawanya kwa 4, unapata masaa. Sasa 6 jumlisha 5.5 ni 11.5, gawa kwa 4 unapata karibu masaa 3, na hapo hujasimama hata kunywa maji. Kwa kundi letu mimi naweka masaa 4 na ushee na ningependa saa 2 asubuhi tuwe tumeshaanza kutembea, kwa sababu mwezi wa 3 jua likishapiga mchana theluji ya miteremko inayotazama jua inalainika na kuachia.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri jamani. Watu wakisikia kilomita 6 na kwamba kimbinu ni njia rahisi wanaichukulia kama matembezi. Mkishapita l'Hospitalet mnaingia kwenye bonde jembamba linaitwa Combe des Morts, bonde la wafu, na hilo jina halikuja bure. Pale pa kukanyaga si pabaya, tatizo ni miteremko iliyo juu yenu pande zote mbili, maporomoko ya theluji yakianza huko juu yanashuka mpaka mlipo hata kama nyie mko sehemu tambarare kabisa. Na ile ni pasi ya upepo mkali, upepo unahamisha theluji unaiweka nyuma ya vilima kama bamba gumu, kwa macho inaonekana imetulia vizuri kumbe chini yake haijashikana.

Kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kutokwenda tunauchukua kwa taarifa ya SLF, ile taasisi ya theluji ya Davos. Inatoka kila siku saa 11 jioni, na msimu wa baridi inarudi tena saa 2 asubuhi, ipo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza, kwenye tovuti na kwenye programu yao ya White Risk. Viwango vya hatari ya maporomoko ni 1 mpaka 5. Watu wengi wanaogopa 4 na 5 wakati vifo vingi, karibu nusu, vinatokea siku za kiwango cha 3, kwa sababu siku hiyo jua linawaka, kila mtu yuko mlimani na hatari haionekani. Msimamo wangu ni huu: kikiwa 1 au 2 tunaenda, kikiwa 3 hatuendi, bila mjadala wa parking. Kuna makundi yenye uzoefu yanapanda siku za 3 kwa kuchagua njia, sisi bado. Na msisome namba peke yake, someni maelezo, wanaandika hatari iko kwenye miteremko inayotazama wapi na kuanzia mita ngapi, halafu fungueni ramani ya swisstopo, ofisi ya ramani ya Uswisi, kwenye simu (ni bure) mwashe ile safu ya rangi inayoonyesha miteremko ya zaidi ya digrii 30. Mkitazama Combe kwenye hiyo ramani mtaelewa ninachosema kuliko nikiandika kurasa kumi.

Njiani pia kuna dalili. Mkiona poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, mkisikia theluji inashuka chini ya miguu kwa mlio mzito wa "wuum", au nyufa zinakimbia mbele ya ski, tunageuka. Na mtu yeyote kwenye kundi akisema mimi siendi mbele, wote tunageuka, hata akiwa ndiye mgeni kuliko wote, na hapaswi kutoa sababu ndefu. Naomba hili tukubaliane kabla hatujatoka nyumbani, mlimani watu wanaona aibu kusema.

> Vifaa nikodi vyote au vingine naweza kukosa?

Ski, viatu na ngozi kodi dukani, hamna shida, waambie ni za kupanda sio za kwenye lifti. Lakini vitu vitatu kila mtu awe navyo mwenyewe, sio viwili kwa kundi: DVA, kile kifaa kinachotoa na kupokea mawimbi ili aliyefunikwa na theluji apatikane (wa upande wa Kijerumani mnaijua kama LVS), sonde, yaani fimbo ndefu ya kuchomea kwenye theluji kumtafuta mtu, na beleshi la chuma, la plastiki halikati theluji iliyoganda. Mtu akifunikwa, nafasi yake kubwa ya kupona iko kwenye dakika 10 mpaka 15 za mwanzo, baada ya hapo inashuka vibaya sana, na helikopta hata ikiruka mara moja ni vigumu kufika ndani ya muda huo, kwa hiyo anayekuokoa ni mwenzio aliyesimama pale. DVA inavaliwa mwilini chini ya jaketi, inawashwa parking na kuzimwa tukishafika mlangoni, na simu ikae mbali nayo angalau sentimita 20, ukiwa unatafuta mtu sentimita 50. Nataka tukutane wikendi moja kabla tufanye mazoezi ya kutafuta na kuchimba. Ambaye hawezi kuja kwenye mazoezi naomba kwa heshima asubiri safari nyingine. Matawi ya CAS, klabu ya wapanda milima ya Uswisi, nayo yana kozi nzuri, kama umepanga kuendelea na mchezo huu ingia.

> Bima je? Helikopta nasikia ni maelfu

Ndiyo ni maelfu ya faranga. Kama umeajiriwa na unafanya kazi masaa 8 au zaidi kwa wiki kwa mwajiri mmoja, bima ya ajali ya kazini inakukinga hata kwa ajali za nje ya kazi, uokoaji ukiwemo, ila ukifanya jambo la hatari ya makusudi wanaweza kukukata fidia. Wanafunzi, mnaokaa na watoto nyumbani na wenye masaa machache mko kwenye bima ya afya ya msingi, yenyewe inalipa nusu ya gharama za uokoaji, mwisho faranga 5,000 kwa mwaka, inayobaki ni yako. Hapo ongezeni bima ya ziada. Na mjue Valais, mkoa tutakaokuwa, helikopta ni za Air-Glaciers na Air Zermatt, namba ya kupiga ni 144, muihifadhi kwenye simu leo.

Halafu vibali. Hospice iko ndani ya Uswisi lakini mpaka wa Italia uko hapo hapo nyuma kidogo, ziwani. Mwenye kibali cha ukaazi cha B au C akibebe pamoja na pasipoti. Ndugu zangu wenye F (waliopokelewa kwa muda) au N (wanaosubiri jibu la ukimbizi), nyie hamruhusiwi kutoka Uswisi bila kupewa ruhusa ya kusafiri kwanza, kwa hiyo tukifika juu msishawishike kuteleza upande wa pili hata mita chache. Kundi zima litabaki upande huu, hakuna mtu atakayeachwa peke yake.

Kuhusu kulala: mapadre wa Mt. Agostino wanapokea watu pale mwaka mzima, nyumba imekuwepo toka kama 1050, na nafasi lazima tuweke kabla. Nitawapigia mimi, na siku moja kabla nitawapigia tena kuuliza hali ya njia maana wao wanaiona dirishani. Waliouliza kwa ajili ya watoto: mbwa wakubwa wa Saint-Bernard baridi hawako juu, wako Martigny, mnaweza kupita kuwaona wakati wa kurudi.

Kwa hiyo: nani ana gari lenye matairi ya baridi na nafasi ngapi, nani hana DVA, na nani yuko chini ya masaa 8 kazini. Niandikieni mpaka Jumatano. Ijumaa saa 11 jioni tunasoma taarifa ya SLF wote, saa 12 natuma ujumbe wa kwenda au kughairi.