Tupeane uzoefu: fedha ya uendeshaji ikifika shuleni hufanya nini?

Wadau, salaam. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini kwa miaka kumi na moja, na sasa nimestaafu. Bajeti ya elimu husomwa Dodoma kila mwaka na wengi tunaisikia. Ninachoomba hapa ni kile ulichokiona wewe mwenyewe baada ya shilingi hizo kufika shuleni.

Naanza na yangu. Kiwango cha fedha hiyo kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kilekile cha enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) iliyoanza mwaka 2002, wakati dola moja ilikuwa haijafika shilingi elfu moja. Katika hizo, 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia katika akaunti ya shule. Nilikuwa na wanafunzi 640, kwa hiyo mwezi mzima tuliuendesha kwa shilingi 320,000. Tangu Januari 2016, Hazina ilipoanza kuzituma moja kwa moja bila kupitia halmashauri, zilikuwa zikija kwa wakati, na kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana kabla ya hapo kuna mwaka tulipata mara mbili tu, tena pungufu.

Lakini hizo hizo ni za chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati, michezo, na nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Mwezi mmoja upepo uling'oa mabati ya darasa la nne. Nilinunua mabati na misumari, fundi nikamwomba anikopeshe nguvu zake, na mtihani wa muhula tukauandika ubaoni kwa sababu fedha ya kudurufu ilikuwa imekwisha. Kuhamisha fungu la mitihani kwenda kwenye ukarabati ni kinyume cha mwongozo, nami nilijua; mkaguzi wa ndani alipokuja aliniandikia hoja mbili, nikazijibu. Ningerudi leo, ningefanya vilevile.

Mjumbe wa kamati ya shule, Singida

Mwalimu, shikamoo. Kwetu ugumu ulikuwa kwenye neno "bure". Ada na michango ya lazima ilipofutwa, tulipeleka hoja ya uji wa watoto katika mkutano wa kijiji, na mzee mmoja akasimama akauliza kama sisi tunapingana na Serikali. Mwenyekiti alinyamaza kabisa, nadhani aliogopa. Ilituchukua vikao vitatu kueleza kwamba fedha inayotumwa haina fungu la chakula, na hatimaye tukakubaliana debe moja la mtama kwa kaya, kwa hiari. Kaya zilizotoa hazikufika nusu.

Mwalimu wa sekondari ya kata

Mimi nilikuwa katika kamati ya ujenzi mwaka 2021, wakati wa fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, ambapo kila chumba cha darasa kilitengewa shilingi milioni 20. Kwa kuwa kila kata ilikuwa ikijenga kwa wakati mmoja, saruji ilipanda bei na mafundi wakawa wanagombaniwa kama maji ya kiangazi. Tulilala eneo la ujenzi wiki mbili. Vyumba vilikamilika na kidato cha kwanza kiliingia Januari. Somo la Hesabu, hata hivyo, lilibaki na mwalimu mmoja kwa mikondo tisa, na huyo mmoja ni mimi.

Mhasibu wa shule ya kutwa, Kenya

Huku kiwango kilichotangazwa kwa sekondari ni shilingi 22,244 za Kenya kwa mwanafunzi kwa mwaka, zikigawanywa kwa mihula mitatu. Kuna muhula zilitufikia wanafunzi wakiwa tayari wamefunga shule, na mwenye duka la mahindi alikuwa ameshaacha kupokea simu zangu.

Mwanzisha mada

Marahaba, mjumbe. Mtama huo mliuandikia stakabadhi, au mliuweka katika daftari la kijiji? Kwangu mkaguzi alianzia hapohapo.