Mshtarii na Zohali tarehe 21: tutakusanyaje watu bila kuambukizana?

NyotaYaMalindi
3 Desemba 2020

Salaam jamani, naomba ushauri, nitaeleza kirefu kidogo mnivumilie. Sisi huku Malindi tuna kikundi kidogo cha watu kama kumi na mbili tunaopenda nyota, tuna darubini moja ya kioo cha milimita 130 na kukiwa na jambo angani twaitoa uwanja wa mpira nyuma ya shule, watoto wanapanga foleni, kina mama wanakuja na vitoto mgongoni, mara ya mwisho ilikuwa Februari na tulihesabu watu zaidi ya sitini. Halafu ikaja korona na darubini ikaingia uvunguni.

Sasa tarehe 21 mwezi huu zile sayari mbili, Mshtarii na Zohali, zinakaribiana mpaka utadhani ni nyota moja, nafasi iliyobaki kati yake ni kama moja ya tano ya upana wa mwezi. Hazijakaribiana hivi tangu 1623, na ile ya 1623 ilikuwa karibu mno na jua, kwa hiyo mara ya mwisho watu kuiona vizuri ilikuwa 1226. Karibu miaka 800! Na watoto wako nyumbani tangu Machi, ukitoa darasa la nne, la nane na fomu foo, kila siku wananisimamisha njiani kuniuliza darubini itatoka lini, nami nimechoka kuwaambia ngojeni.

Jambo lingine ni mzee wetu mmoja wa hapa mtaani. Tarehe 12 hii setilaiti ya Uhuru yatimiza miaka 50 tangu irushwe kwenye jukwaa la baharini la San Marco, pale Ngomeni, ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani tu, na ikaitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya sikukuu yetu ya uhuru. Mzee huyu wakati huo alikuwa kijana wa maboti, akivusha watu kwenda jukwaani. Sasa ana miaka 74, ana sukari, na Agosti mdogo wake alifariki kwa korona tukazika watu wachache tu. Amenitumia ujumbe mwenyewe, anataka kuja. Siwezi kumwambia asije na siwezi kumuweka kwenye hatari.

Kafyu ni saa nne usiku. Lenzi ni moja na macho ni sitini. Nikiifuta kwa sanitaiza kila mtu akitoka itatosha? Au tuache tu, kama wenzangu wawili wanavyosema?

BabaKilimia
3 Desemba 2020

Usiache, lakini hiyo sanitaiza usiiguse kabisa kwenye lenzi. Ile ya mikono ina gliserini, inaacha utandu kama mafuta, na ukifuta mara sitini kwa usiku mmoja unakwangua lile koti la juu la lenzi, mwisho unabaki na kioo cha chupa. Sanitaiza ni ya mikono na ya zile sehemu za kushika, basi.

Saa hamna shida. Huko kwenu jua litazama kama saa kumi na mbili unusu, zile sayari zinazama baada yake kwa masaa mawili na kitu, yaani saa tatu kasoro hivi zishapotea. Muda mzuri ni saa moja mpaka saa mbili, saa tatu kila mtu yuko kwake na kafyu bado. Ila msiende ufukweni! Watu wa pwani mkisikia anga mnakimbilia bahari, na bahari yenu iko mashariki, hizi zitakuwa upande wa bara, kusini magharibi. Nenda huo uwanja kesho jioni jua likizama, usimame uone kama minazi au jengo linaziba, maana saa mbili zitakuwa chini sana.

Halafu kuna kitu ambacho sisi watu wa nyota tunakosea kwa mazoea. Tumezoea kuzima taa zote. Mshtarii na Zohali hazihitaji giza, zinang'aa vya kutosha hata chini ya taa ya barabarani. Kwa hiyo safari hii WASHENI TAA. Gizani hakuna mtu anayejua yuko mita ngapi na mwenzake, watu wanajibanza bila kujua, watoto ndio usiseme. Taa ikiwepo kila mtu anaona nafasi yake na nyinyi mnaona nani ametoa barakoa.

Na mpe kazi mtu MMOJA tu ya kushika darubini, kuielekeza, kusogeza. Mwingine yeyote hata kidole.

SistaWaZamu
4 Desemba 2020

Mimi ni nesi, acha niseme upande wangu. Watu wanahofia sana ile lenzi na ni kweli si nzuri, hata kabla ya korona macho mekundu yalikuwa yanaambukizana hivyohivyo, mtoto mmoja amejipangusa tongo kisha anashika darubini na anayefuata anaweka jicho palepale. Lakini korona inapita zaidi kwenye pumzi. Kwa hiyo mimi ningeogopa FOLENI kuliko lenzi. Watu sitini wamesimama kifua kwa mgongo, wanacheka, wanapiga kelele, huyu anamwinamia huyu amuulize umeona, hapo ndipo penyewe.

Kwa hiyo ondoeni foleni. Waambie kila nyumba waje na mkeka wao, wanaolala nyumba moja wakae mkeka mmoja, na mikeka iachane. Mnachora duara za chokaa uwanjani mapema, mita 3 kati ya duara na duara, mkeka unawekwa katikati na hakuna kutoka isipokuwa kwa kuitwa. Duara zikijaa mmefunga, anayechelewa arudi atazame kwake, sayari zinaonekana hata kwa macho matupu. Anayekohoa au aliyekaa na mgonjwa asije, hilo mlitangaze mapema na mliseme kwa heshima ili mtu asione aibu. Majina na namba za simu mziandike kwenye daftari, kukitokea kitu mjue pa kupiga.

Mzee wako. Msimu huu wa Desemba kaskazi imeshaanza, upepo utatoka kaskazini mashariki na nyote mtakuwa mmeelekea kusini magharibi, yaani upepo unawapiga mgongoni. Basi mzee akae NYUMA ya wote, na kiti chake peke yake, upepo umfikie yeye kwanza kabla haujapita kwa mtu yeyote. Najua mila yetu mzee anawekwa mbele, mwelezeni sababu, ataelewa. Na asikae muda mrefu, umande nao si mzuri kwake.

MdauWaDar
4 Desemba 2020

Wakuu, huku Dar hatuna kafyu lakini sisi wenyewe tumejiwekea utaratibu tangu Juni, kwa hiyo nichangie. Simu. Nunueni kile kishikio cha plastiki kinachobana simu juu ya lenzi ya darubini, halafu simu unaiunganisha na tivi au projekta kwa waya, shuka jeupe linatosha kuwa skrini. Hapo watu wote wanaona kwa pamoja na hakuna jicho linalogusa kitu. Ila fanyeni majaribio siku mbili tatu kabla, maana simu ikiachiwa yenyewe inaonyesha Mshtarii kama balbu nyeupe tu, inabidi ushushe mwanga kwa mkono mpaka ile mistari ianze kutokea, na uifunge fokasi isihangaike.

Lakini niseme ukweli wangu, mtoto akiona kwenye tivi anasema "picha". Akiweka jicho mwenyewe akaona pete ya Zohali anapiga ukelele. Hivyo viwili si sawa hata kidogo na mimi nisingewanyima kabisa. Sisi tunafanya hivi, tunatumia lenzi yenye tundu pana ambayo mtu anaona hata jicho likiwa mbali kidogo, hagusi, mikono anaiweka nyuma kama askari. Anaitwa mmoja, anatazama, anarudi kwenye nafasi yake, ndipo anaitwa mwingine.

Barakoa mtakutana nayo shida moja, pumzi inapanda juu inatoka puani kwenda moja kwa moja kwenye lenzi na inafunga ukungu, mtu anaona maziwa. Bana ule waya wa pua vizuri, au weka kipande cha plasta juu ya pua, na umwambie ashike pumzi wakati anatazama. Sekunde kumi zinatosha.

SistaWaZamu
4 Desemba 2020

@MdauWaDar mikono nyuma nimeipenda. Kwa watoto wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine sina neno. Kwa mzee hapana, yeye asikaribie ile darubini.

MswahiliMuscat
5 Desemba 2020

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, asili yetu Unguja. Juni 21 mwaka huu jua lilipatwa kipete na njia yake ilipita huku kwetu, misikiti ilikuwa imefungwa, swala ya kupatwa tuliswali nyumbani. Mimi nilichukua darubini ya mkono ya marehemu baba, nikaifunga kwenye kiti, nikaielekeza juani na mwanga ukatua kwenye kadibodi nyeupe, jua likatokea pale kama mwezi mwandamo. Majirani walitazama kutoka mlangoni kwao, ng'ambo ya njia. Hakuna aliyesogea. Hiyo ni ya jua tu na hakuna kuweka jicho, lakini naisema kwa sababu mkusanyiko si lazima watu wawe sehemu moja, kila mtu anaweza kuwa mlangoni kwake na mkawa pamoja.

Kuhusu mzee, mtafutie darubini ya mkono, zile za 10x50 (zinakuza mara kumi, vioo vya mbele milimita 50) zinatosha, atazitenganisha Mshtarii na Zohali vizuri kabisa. Aegemeze viwiko kwenye mikono ya kiti zisitetemeke. Iwe yake peke yake usiku ule, asipokee kutoka kwa mtu wala asimpe mtu. Na yule Uhuru wenu, mwambieni mzee huku nasi twaijua habari yake, ndiyo iliyofanya ile Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, isakwe mpaka ikajulikana kuwa ni shimo jeusi, lile linalomeza hata mwanga. Ilianzia kwenye maboti yenu hayo.

NyotaYaMalindi
8 Desemba 2020

Nimesoma yote, shukran sana. Nimeshaenda kwa chifu, amekubali ila anataka mwisho saa mbili unusu na daftari la majina apewe nakala. Nimesimama uwanjani wakati wa magharibi, BabaKilimia ulisema kweli, kuna mwarobaini unaziba palepale, tumehamia golini upande wa pili. Duara ishirini zinaingia. Wale wenzangu wawili waliotaka tuache ndio wamejitolea kusimamia maji na sabuni.

NyotaYaMalindi
22 Desemba 2020

Jamani imepita, na niwaambie ilivyokuwa.

Mchana kulikuwa na mawingu nikajua basi. Saa kumi na mbili yakafunguka upande wa bara. Duara zilijaa kumi na saba, taa ya shule tuliiacha inawaka. Ile ya shuka na projekta ilitusumbua nusu saa nzima, picha inakuja inapotea, kumbe waya ulikuwa umelegea, ilipokaa sawa Zohali ikatokea na pete yake imeinama, pembeni Mshtarii na vile vinukta vya miezi yake, watu wakanyamaza kimya uwanja mzima. Tuliongea kwa kipaza sauti ili mtu asilazimike kupaza sauti kumuuliza mwenzake.

Watoto tuliwaita duara kwa duara, mikono nyuma. Wawili walisahau wakashika, tukasimamisha, tukafuta, wakanawa, tukaendelea. Duara tatu muda uliwaishia kabla ya kufika kwenye darubini na hilo linaniuma, wale nimewaahidi watakuwa wa kwanza safari ijayo, hata kama sayari zitakuwa zimeachana.

Mzee alikaa nyuma kwenye kiti chake, kikoi begani, na darubini ya mkono tuliyoazima kwa mwalimu mmoja. Alikaa dakika arobaini hakuishusha ila kupangusa macho. Kisha akauliza kwa sauti kutoka kule nyuma, ile kubwa ni ipi, ya kulia au ya kushoto, watoto wote wakageuka kumjibu kwa pamoja. Kuhusu kukaa nyuma hakulalamika, alisema kwenye boti pia nahodha hukaa nyuma, kwenye tezi.

Saa mbili na dakika ishirini tulianza kuwaruhusu mkeka mmoja mmoja. Daftari liko kwa chifu. Sasa twahesabu siku 14, zinaisha tarehe 4 Januari, siku ileile shule zinafunguliwa, nitarudi hapa kuwaambia kama wote wazima. Leo asubuhi nimepita uwanjani, chokaa bado ipo, watoto wanaruka kutoka duara hadi duara.