Macho yanavyobadilika umri ukisogea: tupeane uzoefu

Fundi Cherehani
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 46, nashona tangu nikiwa na 19. Mwaka juzi kutunga uzi kwenye sindano kulianza kunishinda. Nikiisogeza karibu, tundu linapotea. Nikiipeleka mbali naliona, ila mkono haunitoshi. Nikasingizia taa, nikanunua balbu kubwa. Mwisho nikawa namwita mwanangu wa darasa la tatu anitungie, mteja kasimama. Kupimwa, naambiwa ni umri: ukivuka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, vitu vya karibu inavishindwa. Nikapewa miwani ya +1.50. Siku ya kwanza kuivaa niliona mishono yangu ya miezi yote ile ilivyopinda. Iliniuma sana. Wenzangu ilianzaje? Na wazazi wenu je?

Binti wa Pangani
Pole fundi. Yangu ni ya bibi. Miaka na miaka alisoma msahafu kwa miwani, mara akaiweka kando, anasoma hivihivi. Nyumba nzima tukashukuru Mungu kamrudishia macho. Lakini ukipita uani hakujui mpaka umsalimie, na taa za magari usiku zinamchoma. Kumbe mtoto wa jicho, lenzi imeingia ukungu! Ugonjwa huo ukianza kukomaa, unaweza kukupa nafuu ya kuona karibu kwa muda huku uoni wa mbali unakwenda. Alipasuliwa, akawekewa lenzi ya bandia. Kesho yake bandeji ilipotoka akanishika kanga: "Hii ni ya bluu? Mimi siku zote naijua kijani."

Mjukuu wa Mvuvi
Babu yangu ana duara la kijivu limezunguka weusi wa jicho, na kinyama kinatambaa kutoka konani. Ndiyo huo mtoto wa jicho?

Muuguzi Mstaafu
Hapana mwanangu. Duara hilo kwa wazee ni jambo la kawaida, ni mafuta yamejikusanya ukingoni, halizuii kuona. Kwa kijana wa chini ya 40 ndipo ningesema apimwe mafuta kwenye damu. Kinyama huwapata sana watu wa juani na upepo kama wavuvi. Kikielekea kufunika mboni, apelekwe.

Mimi ninayoiogopa ni presha ya macho. Baba yangu hakuumwa hata siku moja, wala jicho halikubadilika sura. Alianza kugonga bega kwenye milango. Ukimwekea kikombe pembeni anakiangusha, tunamgombeza. Tulipompeleka, uoni wa pembeni ulikuwa umeshaondoka, nao haurudi. Matone ni ya kulinda uliobaki. Ugonjwa huu hufuata damu, kwa hiyo sisi wanawe tunapimwa kila mwaka.

Fundi Cherehani
Shikamoo mama, na asante. Umenishtua. Baba yangu wiki hii kagonga fremu ya mlango mara mbili, upande uleule, tukasema ni usingizi. Kesho sifungui duka, nampeleka.