Bustani ya umma haiuzi kitu, sasa hatifungani yake inalipwaje?

Kibuyu77
Wakuu heshima kwenu. Kuna kitu kinanisumbua toka jana. California Novemba 2024 wapiga kura walipitisha Proposition 4, hatifungani ya dola bilioni 10 kwa ajili ya maji, misitu, fukwe, bustani za umma, mazingira kwa ujumla. Sawa, ila hatifungani si mkopo jamani? Barabara ya kulipia naelewa, unaweka geti, watu wanalipa, deni linarudi. Msitu utamdai nani? Au ndo serikali imeona ikisema kodi watu watanuna ikasema hatifungani wakashangilia? Anayejua anieleweshe taratibu, mimi na hesabu tuliachana zamani.

mama_hesabu
Hapo kwenye kodi hujakosea sana ndugu yangu. Kuna hatifungani inayolipwa na mapato ya mradi wenyewe, mfano ile ya mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ya 2024, shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba 13.5%, pale watu wanalipa bili za maji kwa hiyo hela ya kurudisha unaiona inapotokea. Ya California ni ile nyingine, inabebwa na mfuko mkuu wa jimbo, yaani kodi ya kila mtu hata ambaye hajawahi kukanyaga bustani. Ofisi ya uchambuzi ya bunge lao ilikadiria kama dola milioni 400 kila mwaka kwa miaka 40. Zidisha mwenyewe, bilioni 16. Umekopa 10 unarudisha 16.

Kibuyu77
Miaka 40!! Yaani mtoto anazaliwa leo anakuja kulipia benchi nililokalia mimi?

mama_hesabu
Ndo hoja yao yenyewe hiyo. Ardhi ya msitu ikinunuliwa leo huyo mtoto ataikuta, kwa nini alipe babu yake peke yake? Na ukisema usubiri mpaka uchange hela taslimu, utakuta pameshajengwa maghorofa. Ila hii inasimama kwa kitu kinachodumu tu. Ukikopa kwa miaka 40 ukanunua mashine ya kukatia nyasi, mashine inakufa mapema na deni bado bichi.

fundi_bomba_mstaafu
Mnaongelea riba, mi naona tatizo liko kwingine. Hela za namna hii zinajenga, hazitunzi. Mshahara wa mlinzi wa bustani, maji ya kumwagilia, sabuni ya choo, hivyo vyote vinatoka bajeti ya kawaida ambayo kila mwaka inakatwa. Nimefanya kazi kwenye bustani moja iliyojengwa kwa hela ya mkopo, choo kilikuwa cha vigae vyeupe mpaka mtu unaona aibu kuingia na viatu vya kazi, siku ya uzinduzi utepe, picha, hotuba. Miezi 8 baadaye koki ya ndani ikakatika, koki moja tu! Hakuna fungu la matengenezo. Wakafunga mlango kwa kufuli na miche 200 na kitu tuliyopanda pembeni ikakauka maana ilikuwa inategemea bomba hilohilo.

tumbili_mzee
Fundi kamaliza. Niongezee tu kwamba katika hiyo bilioni 10 bustani zimepata milioni 700, maji ndo yamebeba bilioni 3.8, kwa hiyo anayesema "hatifungani ya bustani" anafupisha mno.
Halafu kuna mtindo mwingine, Benki ya Dunia 2022 walitoa hatifungani ya vifaru, dola milioni 150, miaka 5. Mwekezaji hachukui riba ya kila mwaka, hela hiyo inaenda kulinda vifaru weusi kwenye hifadhi mbili Afrika Kusini, Addo na Great Fish River. Mwishoni anarudishiwa mtaji wake, na vifaru wakiwa wameongezeka anapata bonasi kutoka GEF, mfuko wa kimataifa wa mazingira. Mlipakodi hadaiwi riba, ila mtindo huo unataka kitu cha kuhesabika. Vifaru utawahesabu, kivuli cha mti utakihesabuje?

Kibuyu77
Asanteni, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura swali ni koki atabadilisha nani. Fundi, lile kufuli walishalitoa?

fundi_bomba_mstaafu
Nilipita juzi bado lipo, limeota kutu. Nimemuuliza mlinzi funguo anayo nani, akacheka.