Glock 43X: risasi zaenda chini kushoto. Na nibebe vipi kwa nguo nyepesi za Mombasa?

DadaKisauni
Habari zenu. Cheti changu ni cha bastola moja ya milimita 9, Glock 43X. Natumia mkono wa kulia. Kwa mita 7 risasi huangukia chini kushoto, na mara nyingine ganda hubaki limesimama kwenye dirisha la kutolea maganda. Nimeambiwa vilengeo vimepinda, nivibadilishe.
Pili, ubebaji. Huvaa dera, au suruali nyepesi na blauzi, na mshipi mara nyingi sina. Wengine wanasema niiweke kwenye mkoba. Tatu, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) iwe na risasi au iwe tupu? Na unyevu wa huku Pwani nao?

Shabaha_Limuru
Dada, vilengeo viache kwanza. Mpe mlengaji mzuri apige risasi 5 kwa bastola hiyo hiyo, mita 7, mikono ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga. Zake zikikaa katikati, tatizo liko mkononi mwako, na kwa kundi la chini kushoto huwa ni hivyo karibu kila mara. Unautarajia mshindo. Mkono mzima unabana na kuusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka.

Ili uhakikishe, mwenzako akujazie magazini kwa kuchanganya risasi halisi 5 na risasi bandia 3, wewe usijue mpangilio. Ukifikia bandia bastola haitalia, na utauona mdomo wa mtutu ukizama. Hilo ndilo kosa lenyewe, na zoezi hilo hilo ndilo dawa yake. Rudia mpaka kilengeo cha mbele kisitikisike bandia inapofika.

Jua pia kwamba bastola ndogo ni ngumu kupiga kuliko kubwa. 43X ina mtutu wa milimita 87 na ikijaa risasi 10 ina uzito wa gramu 650 hivi. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102, hubeba risasi 15, na ikijaa hupita gramu 800. Risasi ni ile ile ya milimita 9 (9x19), kwa hiyo msukumo ule ule unaangukia chuma chepesi zaidi. Halafu kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 13 hivi tu: cha mbele kikihama milimita 1, kwa mita 10 risasi inahama sentimita 7 na nusu. Wanaomwambia mwanamke achukue ndogo kabisa kwa sababu "ni nyepesi" wanamtesa bure.

Ushikaji sasa. Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada iingie juu kabisa ya mpini, chini tu ya slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka), usiache nafasi. Kiganja cha kushoto kijaze sehemu ya mpini iliyobaki wazi, vidole vyake vilale juu ya vile vya kulia, chini ya kinga ya triga. Mkono wa kushoto ndio ubane zaidi, ili wa kulia ubaki na utulivu wa kuvuta triga. Vidole gumba vitazame mbele, lakini visiegemee komeo la slaidi: cha kulia kikilikandamiza, slaidi haitasimama nyuma risasi zikiisha, na utakuwa unavuta triga ya bastola tupu.

Triga ya kiwandani huhitaji kama kilo 2 na nusu. Weka katikati ya nyama ya ncha ya kidole cha shahada. Ivute mpaka uhisi ukuta, yaani pale inapoanza kuwa ngumu, kisha ongeza uzito taratibu, vidole vingine vikae kama vilivyo. Ukikunja ngumi nzima pamoja na kidole cha triga, mtutu unavutwa chini kushoto.

Ganda linalosimama dirishani kwa bastola nyepesi mara nyingi ni kifundo cha mkono kilicholegea. Slaidi inahitaji kitu imara cha kusukumia. Mkono ukirudi nyuma pamoja nayo, nguvu ya kulirusha ganda inapungua. Kaza vifundo, viwiko visifungwe kabisa. Likitokea, kidole kitoke kwenye triga, piga kitako cha magazini kwa nguvu, vuta slaidi nyuma mpaka mwisho na uiachilie, usiisindikize kwa mkono. Ikiwa risasi mbili zimegongana mlangoni mwa chemba, hilo halitasaidia. Funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, weka magazini, koki upya (vuta slaidi na uiachilie ili risasi iingie chembani). Ukishakaza mkono na bado linatokea, badilisha magazini kwanza, kisha aina ya risasi, ndipo ulishuku bunduki.

FundiKufuli
Naongezea ubebaji. Mkoba ni chaguo la mwisho. Nairobi na Mombasa wanyang'anyi wa bodaboda wanaulenga mkoba wenyewe, kwa hiyo silaha yako itaondoka na mtu asiyejua hata kama ipo. Ukiuweka chini au mezani, mtoto anaufikia. Ukilazimika, mkoba uwe na mfuko wa bastola peke yake usiochanganywa na kitu kingine, bastola ikae ndani ya holsta (ala ya bastola) ngumu, na mkanda upite mwilini badala ya kuning'inia begani. Funguo au kalamu ya midomo ikiingia kwenye kinga ya triga, Glock haina kufuli la nje la kukuokoa.

Holsta iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyo hasa, na izingire triga yote. Zile za kitambaa laini zenye klipu zitupe. Zinajikunja bastola ikitoka, huwezi kuirudisha kwa mkono mmoja, na triga inaweza kubonyezwa kutoka nje. Mtihani wa holsta: thibitisha bastola ni tupu, iingize, igeuze chini juu na uitikise juu ya kitanda. Ikidondoka, haifai.

Kwa suruali, tafuta mshipi mgumu wa milimita 38. Mshipi laini ndio unaofanya mpini uegemee nje na umbo lake lionekane kwenye blauzi. Kwa dera na nguo zisizo na mshipi, chukua mkanda mpana wa tumboni wenye holsta ngumu iliyoshonewa ndani. Mkanda wa kitambaa pekee hautoshi. Tatizo la dera ni kuifikia: ama liwe na mpasuo, ama uvae juu yake koti jepesi lililo wazi mbele. Jaribu mbele ya kioo ukiwa umekaa, umeinama, na umenyoosha mkono juu.

Mbele ya tumbo ni haraka kutoa, lakini ukikaa mtutu unatazama paja na mshipa wake mkuu wa damu. Nyuma kidogo ya nyonga ya kulia ni salama zaidi kwa anayeanza, ingawa mkanda wa gari unaziba. Chagua mahali pamoja, usihamehame.

Kutoa: mkono wa kushoto unyanyue nguo yote mpaka kifuani, wa kulia ushike mpini kikamilifu bastola ikiwa bado kwenye holsta, itoke wima, igeuke mbele ikiwa kando ya mbavu, mikono ikutane kifuani, kisha isukumwe mbele. Kidole cha shahada kinyooke kando ya fremu mpaka umeamua kufyatua. Kurudisha ndiko kunakoumiza watu. Hakuna tuzo ya haraka hapo: tazama holsta, hakikisha shati au kamba ya suruali haijaingia, kisha ingiza polepole.

Mwalimu_Ngong
Kuhusu chemba, najua wengi watasema ijazwe tangu siku ya kwanza. Kwa mtu ambaye bado anasukuma mtutu chini na hana holsta, nasema iwe tupu kwanza. Chemba tupu ina gharama yake: unahitaji mikono miwili na muda wa kukoki, na huenda mkono mmoja umeshikwa, umembeba mtoto au umeumia. Ndiyo maana hatimaye nakubali chemba iliyojaa. Glock ina vizuizi vitatu vinavyojiendesha vyenyewe, imeundwa isifyatuke kwa kudondoka. Inafyatuka triga ikivutwa. Basi kigezo kiwe hiki: umetoa na kurudisha bastola tupu mara nyingi nyumbani bila kidole kugusa triga, na risasi 10 za mita 7 zote zinaingia kwenye duara la sentimita 20. Hapo jaza.

Mazoezi ya nyumbani: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kisha iguse kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Lenga ukuta wa mawe, usilenge mlango wa mbao wala mabati, maana risasi ya milimita 9 yenye koti la shaba hupita vyote hivyo na kumkuta jirani. Dakika 10 zinatosha. Ukimaliza, acha kabisa, usirudie "mara moja ya mwisho" baada ya kujaza.

Na usiikoki risasi ile ile kila asubuhi. Kila inapogonga mlango wa chemba kichwa chake kinaweza kuzama ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda kwa hatari. Isimamishe kando ya mpya: urefu wa juu kabisa wa 9x19 ni milimita 29.69, na iliyozama utaiona kwa macho ni fupi. Iweke kando, usiipige.

DadaKisauni
Asanteni sana, kaka zangu. Nitaanza na risasi bandia na holsta. Kisheria je? Mtu akininyang'anya simu akakimbia?

Mwalimu_Ngong
Akikimbia, hapana. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaupima utetezi kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law): hatari iwe ipo wakati huo, na nguvu iwe ya kiasi kinachofaa. Mgongo unaoondoka na simu hautishii uhai wako. Risasi ya kuonya hewani pia iache. Itaanguka kichwani pa mtu. Ukilazimika kufyatua, jiweke salama, piga 999 au 112, sema mahali ulipo na mavazi yako, na polisi wakifika bastola isiwe mkononi.

Maduka makubwa na mahakama hukagua mlangoni, kwa hiyo panga kabla hujatoka. Kama itabaki garini, iwe kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kebo kwenye fremu ya kiti, na uiingize kabla hujafika, si pale maegeshoni mbele ya macho ya watu. Mahali penye pombe usiende nayo. Idadi ya risasi imeandikwa kwenye cheti chako, usiizidi.

FundiKufuli
Unyevu haujajibiwa. Ukiibeba mwilini, jasho la Mombasa ni chumvi tupu. Slaidi ina kinga nzuri. Zinazoota kutu mapema ni skrubu ya kilengeo, pini ndogo na springi ya magazini. Kila jioni ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mara moja kwa wiki ifungue, hata kama hujapiga.

Ila Glock hufunguliwa kwa kuvuta triga kwanza. Watu wamejipiga hapo: wametoa magazini, wakasahau ya chembani. Magazini kwanza, chemba pili, tazama na uguse, ndipo triga, mtutu ukielekea ukuta wa mawe. Mafuta ni tone moja kwa kila reli, zote nne, kidogo juu ya mtutu unapokutana na slaidi, na tone moja pale upau wa triga unapogusa konekta (kibamba kidogo cha chuma ndani ya fremu). Kwenye njia ya pini ya kufyatulia usitie kabisa. Mafuta hukusanya uchafu, pini inagonga fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) kwa ulegevu na risasi hailii. Risasi nazo zifute kwa kitambaa kikavu, mafuta yakipenya yanaiua fataki. Zinazokaa kwenye bastola muda wote uzipige uwanjani na uweke mpya kabla maganda hayajaanza kuota madoa ya kijani.